Ma Mkubwa na bahasha za kaki

Mabawabu wa ofisi nyingi hapa kisiwani Mombasa wanakijua kikapu cha Ma Mkubwa, kwa maana wamekipekua mara nyingi. Ni kikapu cha ukili, mkono wake mmoja umeshonwa upya kwa uzi wa nyavu. Ndani mna daftari lenye jalada gumu, kalamu mbili, chupa ya maji, tende ndani ya kopo la siagi, leso iliyofuliwa mpaka maandishi yamefifia, na bahasha za kaki, zile kubwa. Bahasha hazipungui kumi. Zikipungua, atapita dukani karibu na Marikiti anunue nyingine kabla hajanunua mboga.

Tende na maji ni za kusubiri. Leso ni ya mtu atakayelia, au ya mtoto atakayepitiwa na usingizi sakafuni. Za bahasha sikujua mpaka nilipokuwa mtu mzima, siku aliponiketisha barazani akaniambia, "Sikiza mwanangu. Nguo ya mtoto aliyenajisiwa haitiwi kwenye mfuko wa nailoni. Hutiwa kwenye karatasi. Nailoni huiozesha, na nguo ikioza, kesi nayo imeoza."

Ni dada mkubwa wa mamangu. Ameniomba nisiandike jina lake wala la mtu yeyote aliyekwenda naye mahali, na pengine nimegeuza mtaa ili mtu asijulikane. Lakini hakunikataza kusema anachofanya. Kwa karibu miaka 40 amekuwa akienda na watu maofisini: watoto, wanawake, wazee. Hana shirika, hana gari lenye nembo mlangoni. Wengine humwita mtetezi wa haki. Yeye akiulizwa kazi yake hujibu neno moja, "Husindikiza."

Alianza na watoto. Miaka ya themanini wazazi wengi wa Kiislamu huku Pwani walikuwa na wasiwasi na shule. Waliogopa mtoto akiingia huko chuo chake cha Kurani kitaachwa. Mwaka 1986 ukazaliwa hapa hapa Mombasa mpango wa chekechea zilizounganishwa na madrasa, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, na baadaye ukavuka mpaka Zanzibar na Uganda. Ma Mkubwa alikuwa na miaka 30 hivi, hajawahi kuajiriwa. Akafunzwa ualimu. Walifundishwa kutengeneza vifaa vya kuhesabia kwa vifuu, makombe ya pwani na vifuniko vya chupa, ili darasa lisingoje kitu cha kununuliwa. Mpaka leo ana kopo la makombe hayo juu ya kabati, na wajukuu hawaruhusiwi kuyachezea ovyo.

Darasani alikuwa na mvulana mmoja aliyelala kila siku ikifika saa nne asubuhi. Si kusinzia, kulala fofofo, kichwa juu ya mkeka. Walimu wenzake walisema mtoto ni mvivu. Ma Mkubwa akamfuata nyumbani, chumba kimoja Majengo. Alimkuta mama yake amefura jicho, na usiku ndiye aliyekuwa akikaanga viazi karai, mtoto akizungusha sinia mpaka saa tano kwa sababu mama hakutaka kuonekana na jicho lile. Na nyuma ya pazia palikuwa na nyanya, mguu una kidonda ambacho hakikufungwa siku nyingi, kwa kuwa mwenye kukifunga alikuwa huyo huyo mama.

"Nilimfuata mtoto mmoja," huniambia, "nikakuta watu watatu."

Nataka msomaji akae kidogo na maneno hayo, kwani yote aliyofanya baadaye yametoka hapo. Ukizunguka maofisini leo utakuta meza ya watoto, dawati la jinsia, na mahali pengine kabisa meza ya wazee. Kila meza ina siku yake ya mabango: 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, 25 Novemba huanza zile siku 16 za kupinga ukatili, 1 Oktoba ni ya wazee. Sina ugomvi na siku hizo, na mimi mwenyewe nimewahi kubeba bango. Lakini chumba cha Majengo hakina meza tatu. Jicho la mama, usingizi wa mtoto na mguu wa nyanya vilikuwa jambo moja, na mtu aliyeshughulikia moja akaacha mawili hakuwa amefanya kitu. Ma Mkubwa alianza na mguu, kwa sababu ndio uliokuwa ukinuka. Alikwenda na nyanya zahanati siku tisa mfululizo. Siku ya kumi mama ndiye aliyefungua mdomo mwenyewe kuhusu jicho.

Sasa bahasha.

Ilikuwa kabla ya sheria mpya. Msichana wa miaka tisa, mtu wa jirani. Mama yake, kwa huruma yake ya mama, alimwogesha mtoto akamfulia nguo, akabakisha kitu kimoja tu alichokisahau chini ya kitanda. Kitu hicho kikatiwa kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ukatiwa kwenye droo ya ofisi fulani, na kwa joto la mji huu ulipofunguliwa wiki kadhaa baadaye ilikuwa ukungu mtupu. Mtuhumiwa alirudi mtaani. Ma Mkubwa alimwona Ijumaa akinunua mkate wa mofa, akipita chini ya dirisha la yule msichana, akisalimia watu. Hata leo akisimulia hapo husita, hushika shanga za tasbihi, kisha huendelea.

Wakati huo makosa ya aina hiyo yalikuwa yamepangwa ndani ya Kanuni ya Adhabu chini ya sura ya makosa dhidi ya maadili, kama kwamba aliyeumizwa ni tabia njema ya mji, si mtoto. Mwaka 2006 Njoki Ndung'u, akiwa mbunge wa kuteuliwa, aliupitisha Bungeni mswada uliokuja kuwa Sheria ya Makosa ya Ngono. Ma Mkubwa aliinakili kwa mkono adhabu moja moja: aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, kifungo cha maisha, wa 12 hadi 15, si chini ya miaka 20, wa 16 na 17, si chini ya miaka 15. Alinakili pia kifungu cha 38, kilichosema atakayetoa shutuma za uongo atapewa adhabu ile ile ya kosa alilodai. Hicho kilimuuma. Mama gani maskini atakwenda kituoni akijua kesi ikianguka anaweza kufungwa yeye? Kifungu hicho kiliondolewa mwaka 2012. Daftarini mwake amekipiga mistari miwili, na pembeni ameandika *alhamdulillahi*.

Anachowafundisha akina mama ni kifupi na hukirudia hata kwenye matanga. Usimwogeshe. Usifue. Nguo kwenye karatasi. Hospitali kwanza, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zina muda wake. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili huo. Kuna fomu ya daktari ya huduma baada ya kubakwa na kuna P3, fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, na hakuna kati ya hizo iliyo ya kuuzwa; akikuomba mtu pesa, uliza jina lake na uliandike mbele yake. Kama huna wa kwenda naye, piga 116 kwa habari ya mtoto, 1195 kwa ukatili wa kijinsia, simu zote mbili ni za bure.

Na jambo la mwisho, ambalo limemgombanisha na watu wazima wenye heshima zao: unajisi haumalizwi nyumbani. Nimemwona akisimama katikati ya baraza la wanaume, mzee mmoja akishika bahasha ya fidia, akawaambia, "Mbuzi mnaweza kumlipa. Mtoto hamna bei yake." Walimkasirikia. Kwa miezi mingi hakualikwa arusi tatu za ukoo ule. Mimi naona hapo ndipo utetezi ulipo. Kusema kwenye kikao cha hoteli, penye maikrofoni na maji ya chupa, ni rahisi. Kusema kwa watu mtakaozikana ni kazi nyingine.

Wazee walimjia baadaye, yeye mwenyewe akielekea uzee. Mwaka 2018 Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wazee na wanyonge, ulipopanuliwa, kila Mkenya wa miaka 70 na zaidi akaahidiwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Bibi mmoja wa Kisauni alikwenda kujiandikisha akarudishwa. Kitambulisho kilisema amezaliwa 1954. Mkarani wa zamani alimtazama usoni akakadiria, na makadirio yale yakawa ndiyo maisha yake. Watu wa rika lake wenye hadithi hiyo ni wengi mno.

Ma Mkubwa hakumuuliza mwaka. Alimuuliza mama yake alikuwa akimwambia nini kuhusu siku aliyozaliwa. Bibi akafikiri, akasema, "Mamangu akisema siku hiyo baba alikuwako nyumbani. Si kawaida yake. Alikuwa kuli Kilindini, lakini makuli wote walikuwa wamegoma, hata gari moshi haliendi."

Ma Mkubwa akaja kwangu, kwa kuwa mimi kazi yangu ni makaratasi ya forodha na huamini najua kila kitu cha bandari. Nilijua hilo moja: mgomo mkuu wa Mombasa ulianza 13 Januari 1947, maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli, hoteli na majumba wakaketi chini, mji ukanyamaza karibu wiki mbili. Bibi hakuwa na miaka 64. Alikuwa na 71. Mgomo wa baba zetu, ambao shuleni tulipitishwa juu juu, ulikuwa umehifadhiwa ndani ya kumbukumbu ya uzazi wa mwanamke mmoja asiyejua kusoma.

Kumbukumbu si karatasi, bila shaka. Palihitajika kiapo, palihitajika daktari wa kukadiria umri, palihitajika ndugu wa kutoa ushahidi, kisha kungoja. Ilichukua miezi 14. Ma Mkubwa alikwenda naye kila safari, wakipanda tuktuk hadi daraja la Nyali na kushuka kutembea palipokuwa na msongamano, bibi akiegemea bega. Fedha za kwanza zilikuja za miezi miwili pamoja, 4,000. Niliona daftari. Mwandiko wa Ma Mkubwa: unga, mafuta ya taa, dawa ya presha, sare ya mjukuu wa kati, viatu vya mjukuu mdogo.

Maana bibi huyo alikuwa akilea wajukuu watatu. Mama yao alikuwa amekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, kama wasichana wetu wengi, akatuma pesa miezi minane, kisha simu ikazimika. Ukihesabu fedha za wazee kwenye vitabu, utaona mzee mmoja amelipwa. Ukizifuata mpaka jikoni, zimevaa viatu zikaenda shule.

Baadaye yule mdogo alihitaji kupasuliwa ngiri. Hospitali ikataka sahihi ya mzazi au mlezi wa kisheria. Nyanya aliyemlea tangu kunyonya hakuwa mlezi wa kisheria wa mtu yeyote. Wakaenda korti ya watoto ya Tononoka. Kwa bahati Sheria ya Watoto ya 2022 ilikuwa imekwisha kuanza kazi, na ndani yake imetajwa hata kafala, ule ulezi wa Kiislamu ambao huku Pwani tumekuwa tukiutenda miaka na dahari bila cheti. Ma Mkubwa aliisoma kwa sauti ndani ya matatu, watu wakageuka kumtazama. Sheria hiyo hiyo ilimaliza jambo lingine lililomsumbua tangu ile ya 2001, iliyokuwa ikimbebesha mama asiyeolewa mzigo wa mtoto peke yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Kifungu hicho anakijua kwa moyo. Huwasomea akina baba kwa upole, kama anayemsomea mgonjwa.

Binti wa Saudia alirudi mwaka uliofuata, yu hai. Hadithi yake ni yake kuisimulia.

Kuna mzee wa Ganze, kule Kilifi, ambaye simsahau, ingawa nilimwona mara mbili tu. Alikuwa amehamia kwa mwanawe Mtopanga. Ma Mkubwa alikwenda pale kwa habari ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na mzee akamuomba faraghani amletee piko. Piko, kwa asiyejua, ni rangi nyeusi. Huku kwetu hupakwa bibi arusi pamoja na hina, na pia hupakwa nywele. Ma Mkubwa alidhani pana arusi. Mzee akavua kofia. Nywele zilikuwa na mabaka meusi kama masizi juu ya sufuria, na chini yake mvi zikichomoza.

Huko Kilifi wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na mvi ndizo zinazotajwa kama ushahidi. Ukichimba, mara nyingi unakuta shamba: mwenye hati ni mzee, wenye haraka ni vijana. Kaya Godoma kule Ganze imewapa hifadhi waliofukuzwa makwao kwa shutuma hizo. Mzee huyu hakufika huko. Alikuja mjini, ambako hakuna aliyejali rangi ya nywele zake, lakini hofu alikuwa amekuja nayo. Kila wiki mbili alipaka.

Ma Mkubwa hakumletea piko, na hakumkatalia pia. Alimwambia, "Babangu, ndoo tuketi kwanza." Wakaketi. Alikwenda Ganze mara tatu, kwa chifu na kwa wazee wa ukoo, akiwa na kifungu cha 57 cha Katiba kwenye kipande cha karatasi, kile kinachosema wazee waishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wapate matunzo ya jamaa zao na ya serikali. Ardhi haikurudi. Hilo niseme wazi, kwani safari nyingi za Ma Mkubwa huisha hivyo, na ukisoma sifa za watetezi mahali pengi utadhani hushinda kila siku. Lakini mzee aliacha kupaka. Alifariki Mtopanga mwaka juzi, nywele nyeupe pe kama pamba.

Nilipomwambia nataka kuandika haya, Ma Mkubwa alikubali kwa sharti moja: niandike na kosa lake. Nililijua tangu utotoni, kwa vipande vipande.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini alikuwa mtu wa suluhu. Mwanamke akija amepigwa, Ma Mkubwa alikaa na wazee wa pande mbili, mume akaapa, kahawa ikanywewa, mke akarudishwa. Ndivyo tulivyolelewa wote, nyumba haivunjwi. Mwanamke mmoja wa ng'ambo ya feri, Ma Mkubwa alimrudisha hivyo kwa mumewe mara mbili. Mara ya pili mwanamke hakutaka. Ma Mkubwa alimwambia, "Nenda mwanangu, ameapa." Usiku wa nne mume alimvunja mkono wa kulia, juu ya kiwiko na chini yake.

Leo kuna Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015. Korti yaweza kutoa amri ya ulinzi, na anayetolewa nyumbani akawa yule mwenye ngumi. Ma Mkubwa amewasindikiza wengi kuiomba, na penye kipigo hataki tena kusikia neno suluhu. Lakini mkono ule haukunyooka. Mwanamke yule aliachika, akalea watoto wake kwa kuuza mabuyu na achari, na akaweza kila kitu isipokuwa kimoja: hawezi kukamua tui. Kifumbu, kile kichujio cha ukili, kinataka mikono miwili yenye nguvu.

Kwa hiyo kila mwaka, siku ya kuamkia Idi, Ma Mkubwa huvuka Likoni. Idi iliyopita magoti yalikuwa mabaya nikaenda naye, nikimshika kwenye ule mteremko wa kuingilia feri, kikapu begani mwangu. Mwenyeji alikuwa ametuwekea mbuzi ya kukunia na nazi sita tayari uani. Hawakusalimiana kwa maneno mengi. Ma Mkubwa alijifunga leso, akaketi juu ya mbuzi, akakuna. Nikataka kumpokea, akanitazama, nikaacha. Alikuna zote sita. Kisha akatia machicha kwenye kifumbu, akamimina maji ya vuguvugu, akakamua mpaka mishipa ya mikono ikasimama, tui zito likashuka kwenye bakuli jeupe.

Mwenyeji alichovya kidole cha mkono wa kushoto, akaonja.

"Lingine," akasema. "Hili ni la kuku. Wali bado."

Ma Mkubwa akaongeza maji, akakamua tena.